Anza na Hatua Kumi, Mama



Mwezi uliopita, tulipotoka ibadani, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, nimekuona alfajiri unatembea na fimbo yako. Kwani wewe si mgonjwa? Mgonjwa si hupumzika?" Nilicheka, maana swali hilo nilijiuliza mwenyewe kwa muda mrefu. Leo nalijibu hapa, kwa sababu huenda nawe unaishi na ugonjwa kama wangu, au dada yako, au mkweo.

Ugonjwa huu unaitwa maltipo sklerosisi, na kwa kifupi tunauita MS. Mishipa ya fahamu imefunikwa na ala, kama vile waya wa umeme ulivyofunikwa na mpira. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia ala hiyo katika ubongo na uti wa mgongo. Pale waya ulipochubuka, ujumbe hupita kwa shida au haupiti kabisa. Ndipo mguu unakuwa mzito, mkono unakufa ganzi, jicho linafifia, na unakuja uchovu usiolingana na kazi uliyofanya. Hauambukizi. Si laana, wala si kurogwa. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao, na wanawake ni mara mbili ya wanaume au zaidi. Mara nyingi hugundulika kati ya miaka 20 na 40, umri uleule ambao mama ana watoto wadogo na shamba linamngoja. Huku kwetu hausikiki sana, na kipimo cha MRI kinachosaidia kuutambua hakipo kila hospitali. Hivyo wengine wetu tulitibiwa kwanza malaria, presha na mawazo.

Yule mama hakukosea kabisa katika swali lake. Kwa miaka mingi hata madaktari waliwaambia wenye MS wasifanye mazoezi. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari za wagonjwa ambao macho yao yalififia kila walipofanya kazi ya nguvu. Baadaye ilieleweka kwamba sababu ni joto. Mwili ukipata joto, mshipa uliochubuka hushindwa kupitisha ujumbe. Watu waliona mgonjwa analegea akitoka jasho, wakadhani mazoezi yanamharibu. Kumbe joto hilo haliongezi mchubuko. Mwili ukipoa, nguvu hurudi.

Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha utafiti wao. Wagonjwa walifanya mazoezi dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 15. Mioyo yao ikaimarika, mikono na miguu ikapata nguvu, na maisha yao kwa jumla yakawa na nafuu. Tafiti nyingine nyingi zimefuata na kuonyesha njia hiyohiyo. Mazoezi hayaponyi MS, wala hayachukui nafasi ya dawa za daktari. Lakini mwili unaokaa tu kitandani hupoteza hata zile nguvu ambazo ugonjwa ulikuwa umeziacha.

Niliposikia hayo, nilifanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Ilikuwa Februari, na unajua Februari ya Himo. Saa nne asubuhi nilivaa raba za binti yangu nikashika barabara kuelekea Njia Panda, nikijiambia kwamba niliyefika Marangu kwa miguu nikiwa msichana siwezi kushindwa na safari hii. Kwenda nilikwenda. Kurudi, miguu ilikataa. Nikawa nayumba, mguu wa kushoto unaburuza vumbi, mpaka kijana wa bodaboda akanihurumia akanirudisha nyumbani. Jioni habari ilikuwa imezunguka: mama fulani ameonekana amelewa mbege asubuhi kweupe. Nililia usiku ule, na kilichoniliza si miguu. Zile raba zilikaa chini ya kitanda miezi mitano.

Aliyezitoa ni mtaalamu wa fiziotherapia. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati, maana hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa pia mahali pa kuwafundisha wataalamu hao. Huyu wangu aliniuliza swali moja: "Mama, ulianza na hatua ngapi?" Sikujua, kwani sikuhesabu. Akasema: "Basi anza na zile unazoziweza hata siku yako mbaya." Siku yangu mbaya niliweza hatua kumi, kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo. Nikaanza na hizo kumi. Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo.

Kwanza, kimbia joto. Natembea saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Kabla ya kutoka nakunywa maji ya baridi, na shingoni nafunga kitambaa kilicholowa. Wenzangu wa huko juu Marangu wana hewa ya baridi karibu mwaka mzima. Sisi wa tambarare tuna alfajiri tu, tuitumie.

Pili, acha kabla hujachoka. Hili ni gumu kwetu akina mama tuliolelewa kumaliza kazi. Ukihisi mguu umeanza kuburuza, simama, kaa, poa. Ukiona kesho yake huwezi kuinuka, jana ulizidisha, punguza. Ukiona wiki nzima imekwenda vizuri, ongeza hatua chache, si mara mbili yake.

Tatu, usitembee tu. Chukua kiti imara kisichoyumba, kiegemeze ukutani, kaa na kusimama mara tano bila kujisukuma kwa mikono kama unaweza. Shika meza ya jikoni, simama kwa ncha za vidole, kisha shuka taratibu. Nyoosha ndama za miguu, maana kwa wengi wetu misuli hukakamaa. Mwaka 2013 wataalamu wa Kanada waliwapendekezea watu wazima ambao MS yao si kali sana dakika 30 za mazoezi ya kiasi mara 2 kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara 2 kwa wiki. Hapo ni pa kufikia polepole. Si pa kuanzia.

Nne, jua siku ya kutofanya. Ukiwa na homa, iwe ya malaria au ya njia ya mkojo, pumzika na upate tiba, kwa kuwa homa huamsha dalili zote. Na ikitokea dalili mpya, au ya zamani ikazidi, ikadumu zaidi ya saa 24 bila homa, usiipeleke barabarani ikanyooke. Ipeleke hospitali.

Najua utasema: "Mimi nalima, nachota maji, nakata majani ya ng'ombe. Hayo si mazoezi?" Nami nilisema hivyo. Lakini mzigo wa majani hauulizi kama umechoka. Lazima ufike nyumbani, hata kama ni saa saba na jua ni kali. Mazoezi unayapima mwenyewe, na unayaacha pale mwili unaposema basi.

Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe, mama. Nguvu zangu za siku ni kama debe moja la maji. Mwenye afya debe lake likiisha huenda bombani tena. Langu likiisha, limekwisha mpaka kesho. Mazoezi nayo huchota katika debe hilohilo. Kwa hiyo sikuweza kuanza bila kuacha kitu, na kitu hicho ilibidi mwingine akibebe.

Nilikaa na mume wangu usiku mmoja, watoto wamelala, nikamweleza habari ya debe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maji ya asubuhi nitaleta mimi." Kwa mwanamume wa rika lake kuonekana na ndoo njiani si jambo dogo, na sikumshukuru vya kutosha siku ile. Binti yetu alichukua kufua mashuka.

Mama mkwe hakupendezwa. Hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe: "Ana nguvu za kutembea bure, hana za kukata majani?" Simlaumu. Yeye amebeba majani kichwani maisha yake yote, na ugonjwa usiotoa kidonda ni mgumu kuuamini. Nilimwomba tu atembee nami asubuhi moja. Alikuja, kanga begani, hakusema neno. Tulipopita mwembe ulio njiani aliuona mguu wangu ukianza kuburuza, akaniona nimeshika shina la mti, nikingoja. Tulirudi kimya. Kesho yake nilipofika pale, nilikuta kigoda chake cha jikoni kimewekwa chini ya mwembe. Kipo mpaka leo.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani, Lori Schneider, aliyeambiwa ana MS mwaka 1999. Mwaka 2009 alifika kilele cha Everest, na mwaka 2011 akaja kwetu kuongoza kundi la wapandaji mlima Kilimanjaro, baadhi yao wenye MS na wengine wenye ugonjwa wa Parkinson. Sikupi habari zake ili ukapande mlima. Wenye MS hatufanani, na wapo ambao zoezi lao ni kuinua mkono wakiwa wamekaa, nalo ni zoezi kamili. Nimemtaja kwa sababu ya neno moja ambalo vijana wetu wanaoongoza wageni mlimani huwaambia wote, wenye afya na wagonjwa: pole pole. Anayekimbia siku ya kwanza ndiye anayeteremshwa kabla ya kilele. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Mimi leo natoka nyumbani hadi mwembeni na kurudi, mara tatu, siku nne kwa wiki. Ziko wiki ambazo naishia kwenye kamba ya nguo. Zamani ningeona nimeshindwa. Sasa nahesabu kumi zangu naingia ndani kupika uji. Faida yake si miguu peke yake. Nalala vizuri zaidi, na naweza kusimama jikoni mpaka chakula kiive bila kuita mtu.

Basi, mama, kama una ugonjwa huu, kwanza muulize daktari wako au mtaalamu wa fiziotherapia, kisha uhesabu hatua za siku yako mbaya, uanze na hizo. Na kama huna ugonjwa huu, lakini unamjua mama anayeyumba njiani asubuhi, usikimbilie kusema amekunywa. Mpelekee kigoda.

Hadi mwezi ujao, kaa salama.