Hewa ya Msitu Nayo Ina Mizani



Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, utaona magunia ya viazi na vitunguu kutoka mikoani. Mengine hujazwa kupita mdomo, kisha yakashonewa kamba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa gunia moja, kumbe ametoa gunia moja na zaidi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Hata hivyo, mkulima asiyejua kilo zake hupunjwa.

Siku hizi vijiji vyetu vina bidhaa nyingine inayouzwa kwa tani. Bidhaa hiyo haionekani wala haitiwi guniani. Ni hewa ya ukaa.

Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina, matawi na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hurudi angani na kuongeza joto la dunia. Kwa hiyo makampuni, mengi ya nchi za mbali, hulipa ili msitu ambao ungekatwa uachwe. Kila tani moja iliyozuiwa isiende angani huandikiwa cheti kimoja, na cheti hicho huuzwa. Hiyo ndiyo biashara ya kaboni.

Je, kuna faida? Tuwatazame Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Hawa ni wenzetu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota matunda ya porini. Kwao msitu ndio shamba na ghala. Miaka mingi watu wengine waliingia humo wakafyeka na kulima. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Kisha wakaanza kuuza kaboni ya msitu wao. Fedha hizo zimelipa walinzi wa msitu, na zimesaidia matibabu na masomo ya watoto.

Huko Katavi nako, katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni.

Sisi wa mjini tunahusika pia. Majiko mengi ya Dar es Salaam bado yanawaka kwa mkaa, na mkaa huo hutoka misitu ya vijijini. Mkaa ukishauzwa umekwisha, na mti umekwisha. Msitu uliosimama huleta fedha tena na tena, huku mvua, asali na dawa zikibaki.

Basi mimi naiunga mkono biashara hii, ila kwa sharti moja: kijiji kijue kinauza nini. Mkataba wa kaboni huweza kuwa wa miaka 30 au zaidi. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima kabla haujaisha. Huko Longido na Monduli baadhi ya wafugaji wamelalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha juu ya mikataba inayogusa malisho yao. Malalamiko hayo ni onyo kwetu sote.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Lakini kanuni haiwezi kukusomea mkataba mkutanoni. Hiyo ni kazi yako wewe uliyejifunza kusoma. Asitie mtu kidole gumba juu ya karatasi ambayo haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, akina mama na vijana wakiwepo. Na fedha zikifika, hesabu zake zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mtu azione.

Kwanza hati ya ardhi, pili mkataba uliosomwa, tatu hesabu za wazi. Kijiji kisicho na hayo matatu kisubiri kwanza. Vinginevyo tutapigwa lumbesa ya hewa, na lumbesa hiyo haitaonekana kwa macho.

Mazungumzo ya darasa

1. Msitu wa kijiji chenu una mipaka iliyoandikwa? Nani ana hati yake?
2. Mgeni akileta mkataba wa kaboni, mtamwuliza maswali gani kuhusu tani, bei na miaka?
3. Fedha zikipatikana, kijiji chenu kianze na kazi gani? Kwa nini?