Kibonde Naye Ana Bei

Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawavuliwi Lituhi. Karabai haina kazi usiku ambao ziwa lenyewe linang'aa, kwa hiyo mitumbwi inalala mchangani na vijana wanakesha kwenye vibanda umiza. Ni katika usiku wa namna hiyo nilipozisikia hoja ninazozijibu hapa. Nimezisikia kutoka kwa watu ninaowapenda, wengine nimevuta nao nyavu, na zote zinazunguka jambo moja: kwamba timu ikipanda Ligi Kuu kisha ikaanza kusuasua, kubeti dhidi yake ni kuokota pesa. Msimu wa 2024/25 kibonde aliitwa KenGold ya Chunya. Mwaka mmoja nyuma aliitwa Kitayosce ya Tabora. Na sisi wa Ruvuma tusisahau kwamba iliwahi kuwa zamu ya Majimaji yetu, Wanalizombe wenyewe.

"Timu iliyopanda hushuka tu, ni suala la muda." Hoja hii imekuja na king'amuzi. Katika ligi ya Uingereza msimu wa 2023/24, Luton Town, Burnley na Sheffield United zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Msimu uliofuata ikawa Leicester City, Ipswich Town na Southampton, na zote tatu zikarudi zilikotoka. Sita kwa sita. Kijana anayetazama ligi hiyo kila Jumamosi simlaumu akiona kwamba hiyo ni kanuni ya mpira.

Lakini hebu turudi nyumbani. Msimu huohuo wa 2023/24 huku kwetu zilipanda JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma, na Kitayosce ambayo ilibadilishwa jina ikawa Tabora United. Zote tatu zilibaki, ingawa Tabora ilibaki kwa kupitia tundu la sindano la mchujo. Walioshuka ni Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, na Geita Gold, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ikicheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wa 2024/25 zikapanda KenGold na Pamba Jiji ya Mwanza. KenGold ikashuka. Pamba, iliyoanza kwa kuhangaika hadi ikabadilisha kocha, ikabaki, na aliyefuatana na KenGold kwenda chini ni Kagera Sugar, mkongwe aliyekaa Ligi Kuu miaka mingi. Kwa misimu hiyo miwili zilipanda timu tano na ikarudi moja.

Sababu yake haihitaji mganga. Kule Uingereza, kati ya timu inayopanda na timu ya katikati ya msimamo kuna bonde la pesa. Kwetu ukishaziweka pembeni Simba, Yanga na Azam, waliobaki wengi wanafanana: basi lilelile la safari ndefu, mishahara inayosubiriwa, uwanja wa kuazima. Mgeni akiingia kwenye kundi hilo anakuta watu wa kimo chake. Anayebeti Ligi Kuu ya Bara kwa macho ya Uingereza anavua Ziwa Nyasa kwa nyavu za baharini. Na hata huko Uingereza kanuni yao haidumu: Sunderland ilipanda mwaka 2025, ikaifunga West Ham 3-0 siku ya kwanza ya ligi, na Oktoba ikaenda Stamford Bridge ikaifunga Chelsea 2-1.

"Odi ndogo ndiyo salama." Hapa nataka tukae kidogo, maana ndiko kulikojificha ugonjwa wote.

Odi ni bei. Neno hilo moja tu likieleweka, mengine yote yanafuata. Mvuvi wa Lituhi hahitaji kufundishwa bei. Anajua kwamba ndoo ya dagaa ni nzuri, na anajua pia kwamba ndoo hiyohiyo nzuri inaweza kununuliwa kwa bei ya hasara. Hakuna mchuuzi anayekuja ufukweni kuuliza "dagaa ni wazuri?" tu. Anauliza "shilingi ngapi?" Ajabu ni kwamba mtu yuleyule akiingia kwenye kibanda anaacha swali lake mlangoni. Anauliza "Yanga itashinda?" na akijibiwa ndiyo, anatoa hela.

Tuseme timu kubwa inacheza na kibonde na kampuni imeweka bei hizi: mkubwa kushinda 1.20, sare 6.00, kibonde kushinda 11.00. Ukiweka buku moja kwa mkubwa, ukishinda unapata 1,200. Faida yako ni mia mbili. Akiteleza mara moja, umepoteza buku, na itakubidi ushinde mara tano mfululizo ili urudi pale ulipokuwa. Kwa hiyo swali lako halipaswi kuwa kama mkubwa atashinda. Swali ni kama katika kila mechi sita za namna hiyo atashinda zaidi ya tano. Akishinda tano kamili umefanya kazi ya bure, na hapo bado sijagusa kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Sasa jaribu kitu kingine. Nunua matokeo yote matatu ya mechi hiyo, ili lolote litakalotokea upate shilingi 12,000. Mkubwa utamwekea 10,000. Sare utaiwekea 2,000. Kibonde utamwekea kama 1,090. Jumla umetoa 13,090 ili upokee 12,000. Hiyo elfu moja na tisini ndiyo ushuru wa kampuni, na imo ndani ya bei kabla refa hajapuliza filimbi. Udhaifu wa kibonde unaouona wewe, mwenye kampuni ameuona wiki nzima kabla yako, akaupima na kuuandikia bei. Wewe hujagundua siri. Umenunua habari inayojulikana na kila mtu, tena kwa bei ya mlanguzi.

Nakubali jambo moja waziwazi. Anayebeti dhidi ya vibonde hushinda mara nyingi kuliko anavyoshindwa. Hilo ni kweli, na ndilo linalomponza. Ushindi wa mia mbili mia mbili unampa moyo, anaongeza dau, na siku ya kuteleza inamkuta ameweka elfu ishirini.

"Basi napanga mkeka, timu kumi za uhakika." Ndugu yangu, uhakika haujumlishwi, unazidishwa, na kila ukizidisha unapungua. Chukua mechi kumi, kila moja ina nafasi tisa kati ya kumi ya kwenda unavyotaka. Zote kumi kutiki ni nafasi kama 35 kati ya 100. Kwa mechi nyepesi hivyo kampuni itakupa odi ya 1.06 hivi kila moja, na kumi zikizidishwa zinakuja 1.79. Suka mikeka mia ya namna hiyo kwa buku moja moja: umetoa laki moja, thelathini na tano imetiki, umerudishiwa kama 62,700. Timu zako zilikuwa nzuri kweli. Mkeka ndio mbovu.

Na nyuzi hukatikia pale pasipotazamwa. Tarehe 7 Novemba 2024 Yanga iliikaribisha Tabora United uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Tabora ileile ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa kibonde wa kuchekwa. Kwenye kibanda nilimokuwa, kijana mmoja wa mtumbwi jirani alikuwa na mkeka wa timu nane, saba zimeshatiki, imebaki Yanga. Alikuwa ameshaanza kutuambia atanunua taa mpya. Tabora ilishinda 3-1. Siku chache baadaye kocha Miguel Gamondi akaachishwa kazi, na mwisho wa msimu Yanga ikachukua ubingwa kama kawaida yake. Bingwa hakudhurika. Kijana wetu ndiye aliyekwenda kulala bila kuaga.

Southampton nayo ni somo. Ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa na pointi 12 tu katika mechi 38. Tarehe 10 Mei 2025, ikiwa imeshashuka daraja na haina la kupigania, ilitoka 0-0 na Manchester City. Fikiria mikeka iliyochanika jioni hiyo, kuanzia Lituhi hadi Lagos.

"Imepigwa sita, itapigwa tena." Majimaji ilipopanda msimu wa 2015/16, Simba iliipiga 6-1 mwezi Oktoba. Januari Yanga ikaipiga 5-0, Amissi Tambwe peke yake akifunga matatu. Aliyetazama mechi hizo mbili angeapa kwamba Wanalizombe wanashuka. Hawakushuka. Walioshuka ni timu tatu, zote za Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Na Coastal hiyohiyo iliyokwenda chini ilikuwa imeifunga Yanga 2-0 pale Mkwakwani mwezi Januari, na Yanga ndiyo iliyotwaa ubingwa. Msimu huohuo Simba ilifungwa bao 1-0 Dar es Salaam na Toto Africans, kisha tena 1-0 na Mwadui, timu mbili zilizokuwa zimepanda pamoja na Majimaji. Majimaji ilikuja kushuka mwaka 2018, wakati wengi walishaizoea kuwa timu ya Ligi Kuu.

Kipigo cha sita kinaonekana sana, na kwa sababu kinaonekana, bei ya mechi inayofuata inaharibika. Watu wote wanakimbilia upande mmoja, odi inabanwa, na wewe unafika sokoni wa mwisho. KenGold ilipopigwa 6-1 na Yanga Februari 2025, wapo waliokuwa wamebeti kwamba haitapata hata bao. Ilipata.

"Kuna mechi ambazo haziwezekani kupotea." Ipo moja ninayoikumbuka iliyofanana na hivyo. Agosti 2023 Kitayosce iliingia uwanjani kuikabili Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu ya tatizo la usajili. Ndani ya dakika chache ikawa 4-0, Feisal Salum akiwa na mabao matatu. Kisha Kitayosce ikabaki na wachezaji pungufu ya saba na mchezo ukasimamishwa. Kwa kanuni za kawaida za kubeti, mechi isiyomalizika hufutwa na dau hurudishwa kama lilivyo. Nane dhidi ya kumi na moja, bao nne mapema hivyo, na faida hakuna. Kama kuna mtu ana mechi ya uhakika kuliko hiyo, anionyeshe.

"Mechi za lala salama zimeshauzwa, sisi tunazo taarifa." Sijibu hili kwa urefu. Kama mechi imeuzwa kweli, taarifa yake haitapanda barabara ya Kitai, ipite malori ya makaa ya mawe ya Ruanda, ikufikie wewe ufukweni kabla ya kumfikia mwenye kampuni. Anayekuuzia "fixed" kwenye simu kwa elfu tano angekuwa nayo kweli angeweka yeye. Huyo ni tapeli, na mumwite hivyo.

"Hata Majimaji ikirudi, nitabeti ifungwe, biashara ni biashara." Sheria haikukatazi. Ila nimemwona mtu wa Songea akiwa ndani ya Uwanja wa Majimaji akiombea bao la wageni dakika ya 80, na sijawahi kuona sura yenye upweke kama ile.

"Ni jero tu, kaka, jero haimuui mtu." Jero kila siku ni shilingi 182,500 kwa mwaka, na ni wachache wanaoishia kwenye jero. Lakini kinachoniuma zaidi kwenye kauli hii ni umri wa wanaoitoa siku hizi. Kisheria aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hapa kwetu mwanafunzi wa sekondari anamtuma kaka yake aliyesajili laini, na kaka anakubali kwa kupewa chake. Wenye vibanda mnajua, na sisi wenye mitumbwi tunaowalipa vijana hao usiku wa giza tunajua pia. Tuache kufumba macho. Mtoto akileta jero yake, mrudishie na umpeleke kwa mzazi wake.

Na wewe mdogo wangu uliyetimiza umri na bado unaniona sijui mpira, sikuombi uache leo. Nunua daftari la shilingi mia tano. Tangu mechi ya kwanza ya ligi hadi ya 30, andika kila dau uliloweka dhidi ya kibonde wa msimu: tarehe, kiasi, odi, kilichorudi baada ya kodi. Usiruke yaliyochanika. Ligi ikiisha njoo nalo nyumbani, tutajumlisha pamoja.