Mashine Haifuti Mazoezi

Nimesoma makala inayodai kwamba tiba ya mawimbi ya mshtuko imefanya mazoezi ya kano zilizoumia muda mrefu yawe kazi bure. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini haina miguu.

Mawimbi haya si uganga. Yalianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani, kuvunja mawe ya figo bila kisu. Kwa bega lenye chokaa ndani ya kano, jaribio la Gerdesmeyer na wenzake la 2003 lilionyesha nafuu iliyozidi ya tiba bandia. Hapo sibishi.

Ila mwandishi amenyamazia upande wa pili. Mwaka 2002, Rachelle Buchbinder na wenzake nchini Australia walichunguza wagonjwa 166 wenye maumivu ya unyayo. Waliopigwa mawimbi hawakuwapita waliopewa tiba bandia. Kwa kano ya kisigino, Rompe na wenzake walikuta mwaka 2009 kwamba mawimbi pamoja na mazoezi yalishinda mazoezi peke yake. Pamoja na mazoezi, si badala yake.

Mazoezi yenyewe hayana siri: unasimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, unashusha kisigino polepole mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha unarudia likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12.

Kabla ya kulipia mashine, muulize mtabibu atakupa mazoezi gani. Akikosa jibu, ondoka na pesa zako.