Tuanzie Ardhini

Hapa Marani, vikuza sauti vinapoungua, wengi wetu hukimbilia kununua kidhibiti umeme kikubwa zaidi. Naona tunaanzia mkiani. Kifaa hicho hurekebisha volti zinapopanda au kushuka kutoka 240 za kawaida. Mbele ya radi, ambayo nyanda zetu za juu za Gusii haziikosi, hakifui dafu. Aidha, kinga ya umeme wa ghafla haitegemeki pasipo waya madhubuti wa kuupeleka umeme huo ardhini. Kwa hiyo, mwalimu aliyejinyima apate redio yake na amwite kwanza fundi aliyehitimu aupime waya huo. Nao wanafunzi wafunzwe desturi isiyogharimu senti: wingu likitanda, plagi na antena zichomolewe kabla ya ngurumo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.