Pikapu ya Shule: Tununue Ipi?



Muhula huu hakuna jambo lililobishaniwa mabwenini kuliko pikapu ya shule. Tangu ilipotangazwa ya kuwa wazazi pamoja na Bodi wanakusudia kuiondoa ile kuukuu na kununua nyingine, kila mwanafunzi amegeuka mjuzi wa magari. Kidato cha Pili wanaitaka yenye taa za buluu. Kidato cha Nne wanaitaka yenye milango minne, viti vya ngozi, na kioo kama cha televisheni mbele ya dereva. Mimi nami ninayo maoni yangu, na namshukuru Bwana Mhariri kwa kunipa nafasi niyaeleze.

Kwanza yafaa tukumbuke kazi ya gari hili. Hubeba mahindi na maharagwe kutoka mjini, hubeba kuni, saruji, na mapipa ya maji wakati wa kiangazi. Kutoka hapa hadi barabara ya lami ni mwendo wa saa mbili kama njia ni kavu. Kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna ajuaye ni saa ngapi. Na usiku, mwanafunzi akishikwa na maradhi, hilo ndilo gari letu la wagonjwa. Mwaka jana, mwezi wa Machi, mwenzetu mmoja aliumwa tumbo usiku wa manane. Alifikishwa hospitali ya wilaya alfajiri, akapasuliwa siku ile ile, na leo yumo katika timu ya mpira. Gari lililomfikisha ni hilo hilo tunalolicheka, lisilo na redio wala kiyoyozi. Sisemi hivyo kulisifu, maana breki zake siku hizi zinatisha, na mgonjwa alilala bodini juu ya godoro huku wenzake wawili wamemshika asirushwe nje.

Wako waliochora katika madaftari yao yale mapikapu makubwa ya Marekani. Kwa kweli ni magari ya ajabu. Pikapu za Ford za jamii ya F zimeongoza kwa mauzo ya pikapu nchini kule tangu mwaka 1977, na F-150 ya milango minne ina urefu unaokaribia mita 6. Lakini wengi hawajui ya kuwa matoleo mengi ya milango minne ya gari hilo hayabebi bodini mzigo unaozidi tani 1, yaani hayaipiti Hilux ya kawaida. Ubora wake mkubwa ni kuvuta tela. Sisi hatuna tela, na barabara yetu penye daraja la magogo haina mita mbili za kuchezea. Basi hayo tuyaache katika madaftari.

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: "Tununue Toyota, basi, Toyota haifi." Wanaosema hivyo hutoa ushahidi wa mchezo wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 2003, ambamo Hilux moja ilizamishwa baharini, ikachomwa moto, ikapandishwa juu ya ghorofa lililobomolewa, na baada ya kutengenezwa kwa vifaa vya kawaida ikawaka. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini gari lile lilikuwa la mwaka 1988, la dizeli, lenye injini isiyohitaji kompyuta. Jina la ubavuni limebaki, gari limebadilika. Katika mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba magari zaidi ya 260,000 ya kampuni hiyo hiyo, Hilux zikiwamo, yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yalikuwa na kasoro katika chujio la masizi lililo katika bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha huyachoma kwa joto. Kama halipati joto la kutosha, au mfumo wake wa kuyachoma una kasoro, huziba. Sisemi kwamba Toyota ni mbaya. Nasema ya kuwa mtu hanunui jina, hununua gari la mwaka fulani, lenye injini fulani, lililotengenezwa kwa ajili ya nchi fulani. Pikapu zinazotengenezwa kwa soko la Afrika aghalabu hazina chujio hilo, bali zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa kwetu zaweza kuwa nalo. Je, nani katika Kamati atakayeuliza?

Sasa niingie ndani ya injini, na wale wa mchepuo wa fizikia watanisaidia. Katika injini za dizeli za zamani, pampu husukuma mafuta hadi nozeli kwa mgandamizo ulio mara mamia kadhaa ya ule wa hewa. Katika injini za kisasa mafuta hukaa katika bomba moja lenye mgandamizo unaofikia hata mara 2,000, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini, kwa muda wa chini ya elfu moja ya sekunde mara nyingi. Faida yake ni kubwa, wala si haki kuificha. Hilux ya lita 2.8 tangu mwaka 2020 hutoa nguvu ya kuzungusha inayofika Nm 500, hali injini ya kale ya Land Cruiser, iitwayo 1HZ, yenye lita 4.2, hutoa Nm 285 tu. Ile ya kisasa hupanda mlima kwa wepesi na kunywa mafuta kidogo. Lakini matundu ya nozeli zake ni membamba mno, na maji kidogo ndani ya dizeli, au mchanga, huziharibu. Dizeli ya Afrika Mashariki imepunguzwa salfa tangu mwaka 2015, na hiyo ni heri. Lakini hakuna sheria inayoweza kuyazuia maji ya mvua yasiingie katika pipa lililokaa nyuma ya duka la kijijini, ambako dereva wetu hununua mafuta mara tatu katika nne.

Liko shirika moja jirani, sitalitaja, lililonunua pikapu mpya ya kupendeza miaka miwili iliyopita. Ilikuwa na kila kitu. Siku moja taa ya njano ikawaka mbele ya dereva, gari likakataa kwenda zaidi ya mwendo wa baiskeli. Fundi wa mjini alifungua, akatazama, akafunga. Hakuona kilichovunjika, kwa sababu hakikuvunjika kitu. Sensa moja ndogo kuliko kidole gumba ilikuwa inatoa habari za uongo kwa kompyuta, na chombo cha kuisoma hakikuwapo wilayani. Gari lilikaa chini ya mwembe wiki saba. Je, tuliite gari hilo bovu? Huko liliko na karakana ya kampuni kila mtaa, lingetengenezwa mchana mmoja. Ndiyo sababu naona kwamba wanaobishana juu ya gari lipi ni imara hubishana nusu ya jambo. Gari linaloharibika mara tatu kwa mwaka na kutengenezwa kila mara kabla ya jua kuchwa lina faida kwetu kuliko linaloharibika mara moja na kulala wiki saba, kwa maana homa haingoji sensa.

Kwa hiyo mimi naunga mkono Land Cruiser ya jamii ya 79, ya milango miwili, yenye injini ya 1HZ. Jamii ya 70 ilianza mwaka 1984, na pikapu hii ya 79 ilifuata mwaka 1999. Injini yenyewe ni ya tangu mwaka 1990, haina turbo, na pampu yake ni ya mitambo mitupu. Mjini kwetu nimewahesabu mafundi wanne wanaoweza kuifungua na kuifunga, na vipuri vyake hutundikwa madukani kama ndizi. Nyuma ina springi za vyuma bapa, ambazo hata mhunzi anazielewa. Wapinzani wangu husema ni ghali, na ni kweli, mara nyingi bei yake huipita Hilux. Husema pia inakunywa mafuta, na hilo nalo ni kweli. Tena isidhaniwe kwamba haidai kitu. Ina mkanda unaozungusha vali, na mtengenezaji huagiza ubadilishwe kila kilometa 100,000. Ukikatika gari likienda, injini yaweza kuharibika kabisa. Shule isiyo na daftari la matengenezo itaiua Land Cruiser kama inavyoua majembe.

Hata hivyo nawaomba wale wanaopenda gari tupu wasinipigie makofi mapema. Wako wanaosema kila kisichokuwa injini na magurudumu ni urembo. Viti vya ngozi ni urembo, sawa, na kioo cha televisheni pia. Bali mikanda ya usalama, mifuko ya hewa, na breki zisizoganda tairi si urembo hata kidogo. Wala haitoshi kuhesabu mifuko. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigongesha Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa Afrika. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa, ikapata nyota 0 kwa watu wazima, kwa kuwa kichwa cha gari chenyewe hakikuhimili kishindo. Na hiyo Land Cruiser ninayoitaka, toleo la Australia la milango miwili lilitiwa mifuko 5 mwaka 2016 pamoja na mfumo wa kulizuia gari lisiteleze, likapata nyota 5. Nalo gari lilo hilo likiuzwa penginepo huja bila baadhi ya vitu hivyo. Hapa ndipo Kamati isikubali kupunguziwa bei. Wakitaka kuondoa redio, waondoe.

Liko pia suala la mgonjwa. Gari la milango miwili halina pa kumlaza, na kwa hili wenye kutaka milango minne wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Jawabu langu ni kwamba bodi ifunikwe kwa chuma na turubai, kisha zifungwe benchi mbili zenye mikanda, moja ndefu ya kutosha kulaza mtu na kumfunga. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wa kuchomea wa mjini, na imefanywa kwa magari mengi ya misheni na zahanati.

Kikao cha wazazi kitakuwa wiki ya mwisho ya muhula. Naomba kwa heshima wazee wetu wamwalike mmoja wa wale mafundi wanne, akae mbele, aulizwe juu ya kila gari litakalotajwa: umewahi kulifungua, na kipuri chake kinachoharibika zaidi kinapatikana wapi? Dereva wetu naye apewe nafasi ya kusema, maana miaka yote hii hajaulizwa. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa gari lenye breki na mikanda hiyo, ni afadhali tungoje hadi muhula ujao, lile kuukuu litiwe breki mpya, na mahindi yaendelee kuletwa na lori la kukodi.