Wimbi Ambalo Nahodha Halioni

Wimbi lenye nguvu kubwa kuliko mengi katika Bahari ya Hindi halivunjiki ufukweni wala halitikisi jahazi. Huinua uso wa maji kwa sentimita chache tu, ilhali urefu wake ni mamia ya kilomita. Carl-Gustaf Rossby, mzaliwa wa Sweden, alieleza mawimbi ya aina hii mwaka 1939. Ilibidi kusubiri setelaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992, ndipo yakaonekana waziwazi baharini.

Chanzo ni dunia kujizungusha. Msukumo wa mzunguko huo, yaani nguvu ya Coriolis, ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kuelekea kwenye ncha. Maji yakisogezwa kaskazini au kusini hukutana na msukumo tofauti, yakarudishwa, yakapitiliza, na wimbi likashika njia ya magharibi.

Mwishoni mwa 1997 pepo za ikweta katika Bahari ya Hindi ziligeuka na kuamsha mawimbi haya. Mawimbi yalipofika upande wa Afrika yaliyasukuma maji baridi chini zaidi, joto la juu likadumu, na mvua ikanyesha Kenya na Tanzania hadi barabara na madaraja yakakatika. Hali kama hiyo ilirudi 2019.

Angani, mawimbi ya ukoo huohuo hupinda mkondo wa upepo wa juu. Kiangazi cha 2010 mpindo mmoja ulikwama: Urusi ikaungua kwa joto, Pakistan ikafurika.

Utabiri wa mvua za vuli unastahili kumweleza mkulima habari za mawimbi haya, kwa sababu wimbi la baharini hutembea polepole na huonekana wiki nyingi kabla.