Kirukanjia wa Kisiwa cha Christmas

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilitangaza kwamba kirukanjia wa Kisiwa cha Christmas ametoweka duniani. Mnyama huyo, ambaye uzito wake haukufika gramu 10, aliishi katika msitu wa kisiwa hicho tu, kusini ya Java, akijificha katika mashimo ya miamba na mizizi na kula wadudu.

Wapo watakaouliza, kirukanjia ni nani hata aandikiwe tahariri? Suali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika namna alivyoangamia. Charles Andrews, mtaalamu kutoka Uingereza, alipofika huko mwaka 1897 aliikuta sauti nyembamba ya mnyama huyo ikisikika usiku kila upande. Aliporudi mwaka 1908 aliona kuwa amekwisha. Kati ya safari hizo mbili meli ilikuwa imeshusha panya weusi pamoja na shehena. Panya hao walileta maradhi yaliyowamaliza panya wa asili wa kisiwa, na inadhaniwa kwamba kirukanjia naye alipatwa na msiba huo huo. Wawili walionekana tena mwaka 1958, msitu ulipokuwa ukifyekwa ili kuchimba fosfeti. Kisha akakamatwa jike mmoja mwaka 1984 na dume mmoja mwaka 1985. Wote wawili walikufa bila ya kuacha kizazi.

Hifadhi ya taifa ilikwisha kuanzishwa huko tangu mwaka 1980. Sheria ilimzuia mwenye shoka. Panya aliyekwisha kushuka haikumweza.

Sisi wa Unguja na Pemba tunao ushahidi wetu juu ya mapaa. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Mfugaji yeyote wa kuku atakwambia anakula nini hasa. Ametegwa, ametiliwa sumu, na hadi leo yupo.

Kwa hiyo tunawataka wahusika wasingoje mgeni mwengine azaliane ndipo iundwe kamati. Karantini katika bandari za Malindi, Wete na Mkoani ipewe watumishi na mitego ya kutosha, na vyombo vikaguliwe hata usiku, kwani panya hangoji saa za kazi kushuka.